Redio ya Jenoveva Katika Ukungu wa Shume

Ndugu, jamaa na majirani mliopanda mlima kuja kumsindikiza, tunayemlaza leo, Ijumaa tarehe 9 Machi 1984, ni Jenoveva Tobia Hoza, mtoto wa tatu wa Mzee Tobia na Mama Secilia, aliyezaliwa hapa Shume tarehe 14 Mei 1943, na tangu utotoni hakuna kitu chenye skrubu kilichosalimika mikononi mwake.

Alisoma kwa masista Kifungilo, akamaliza kidato cha nne mwaka wa Uhuru, akaendelea hadi cha sita, na mwaka 1964 Serikali ikampeleka Budapest kusomea uhandisi wa elektroniki, wakati huku nyumbani watu walikuwa wakiuliza ataolewa lini. Aliporudi mwaka 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha redio Arusha, si kuunganisha redio zilizobuniwa na wengine, bali kubuni ya kwetu. Tarehe 8 Januari 1972 alifunga ndoa na Mwalimu Nikodemo, wakajaliwa Timotheo na Esta.

Tarehe 15 Machi 1975 alileta hapa redio yake ya kwanza, iliyokusudiwa madarasa ya elimu ya watu wazima katika vijiji vya ujamaa, akaiwasha mbele ya kijiji kizima, ikakoroma kidogo, ikanyamaza. Kule Arusha redio hiyo ilikuwa imeongea vizuri, lakini ukungu wa kwetu uliingia mpaka ndani, na wakubwa kiwandani walikuwa tayari kuutupa mchoro wake na kuagiza wa nje. Jenoveva alisimama akasema, "Kosa ni langu, nami nitalirekebisha hapa hapa."

Akachukua likizo, akakaa kwa mama yake masika yote, bodi za saketi za redio zikining'inia barazani kwenye ukungu kama mahindi ya mbegu, majirani wakinong'ona kwamba binti wa Secilia kafukuzwa kazi, na mama, aliyeyasikia yote, alimwekea chai tu. Hatimaye akapata vanishi ya kuzuia unyevu, kiwanda kikaukubali mchoro, na redio zikaenda vijijini hadi bonde la Sigi. Siku redio iliporudi hapa ikiongea, Mama Secilia alibeba kigoda chake, akaketi katikati ya wale walionong'ona. Tunajivunia, wala hatuoni haya kusema.

Mwaka 1982 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa Lushoto na baadaye Moshi, akafariki Jumanne tarehe 6 Machi. Sisi familia tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, wafanyakazi wenzake waliomleta kutoka Arusha, na majirani mliokesha nasi.

Juzi jioni, tangazo la kifo chake liliposomwa kwenye redio aliyoibuni, mtu alinyoosha mkono aizime, mama asisikie. Mama Secilia akamzuia.

"Iache. Aliitengeneza iseme."

Ukungu ulikuwa umefika mlangoni, na jina la Jenoveva likasikika lote, bila mkwaruzo.

Pumzika, Mama Timotheo, kwa amani uliyoifanyia kazi.