Mama Petronila na Paketi Moja kwa Kila Kaya

Baada ya miaka ishirini na sita ya kupokea watoto wa watu, Mama Petronila Malongo, mkunga wa zahanati yetu, anastaafu tarehe 30 Juni 1985. Alianza kazi kwao Ngara, na mwaka 1974 akahamishiwa huku Biharamulo, kwenye kijiji cha ujamaa kilichojaa wahamiaji kutoka Shinyanga. Hadi leo nikifumba macho namwona akitokea kwenye ukungu wa asubuhi juu ya baiskeli yake, polepole, kana kwamba anaelea. Kisukuma alijifunza kwa kuchekwa, naye alicheka kuliko waliomcheka.

Mwaka 1978 wafadhili wa ng'ambo walituletea vidonge vya uzazi wa majira, vya kuzuia mimba. Mimi Privatus, karani wa zahanati, nilizoea kugawa sukari na sabuni, nikagawa na vidonge kwa mtindo huohuo: kila kaya paketi moja. Kwandu na mke mwenzake Nyamizi wakagawana kijamaa, leo huyu, kesho yule. Wote wawili wakapata mimba. Kijiji kizima kilicheka. Mama Petronila hakucheka, kwani Nyamizi alikuwa ameponea chupuchupu katika uzazi wake wa saba, na vidonge vile vililetwa hasa kwa ajili ya watu kama yeye.

Uchungu ulipomshika Nyamizi, gari la wilaya lilikuwa vitani likibeba askari. Mama Petronila alikaa naye siku mbili, akimwimbia nyimbo za Kihangaza, lugha ya kwao Ngara, ambazo Nyamizi hakuelewa hata neno. Mama na mtoto wakapona. Sijawahi kuogopa kama siku zile.

Vita vilipokwisha, wafadhili walirudi kuuliza nani alikosea, maana mradi ungeweza kufungwa. Mama Petronila akasema kosa ni lake. Kisha akawaomba wasiongeze maboksi kwanza, bali wafundishwe akina mama wa hapahapa, wanaojua kila nyumba ina wake wangapi, wawaeleze wenzao kwa lugha za kwao. Wizara ikaafiki, wafadhili wakagharimia. Mwalimu wa kwanza alikuwa Nyamizi.

Karipio likaingia kwenye faili la Mama Petronila, na cheo alichostahili kikampita. Hakunilaumu hata siku moja.

Mama, niliomba mwenyewe kuandika wasifu huu ili niseme mbele ya wote: kosa lilikuwa langu, nawe ukanisitiri. Ahsante sana. Nenda Ngara ukapumzike. Sote tunakuombea usingizi mrefu, mpaka jua liwe juu, na asiwepo wa kukugongea mlango.