Tanga Lisiloanuliwa la Mtoni

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni na aweke mwiko chini kidogo. Anayesikiliza redio ya jirani na asogee. Leo tunamkumbuka Bi Eufrazia, mama Marselino, wa Mtoni, barabara ya Kilwa. Tulimzika Jumamosi. Ni Bi Eufrazia yule aliyekaa matanga ya watu asiowajua.

Wengine mlimwita kichaa. Msikatae, maneno ya Mtoni yanajulikana. Ulipopita barazani kwake ulikuta mkeka umetandikwa, mama kanyoosha miguu, khanga kiunoni. Mkauliza huu msiba gani usiokwisha. Leo mtajibiwa.

Bi Eufrazia alitoka kusini na mumewe Kornelio, kuli wa bandarini. Walijenga nyumba ya udongo, na chumba cha uani wakampangisha Gaspar. Huyu Gaspar alikuwa fundi cherehani kutoka Burundi, mtu wa maneno machache. Alikuwa akijiandaa kumleta mkewe Rosalia na mtoto wao. Chumba alishakipaka chokaa hadi kikang'aa, na Bi Eufrazia alimtania kila siku: huyo anayekuja ni mke au ni nesi?

Mwaka sabini na mbili, masika yakielekea ukingoni, cherehani ya Gaspar ilinyamaza. Bi Eufrazia akagonga mlango. Alimkuta fundi kakaa sakafuni. Mtu wa kwao aliyevuka mpaka alikuwa amemletea habari. Askari wa kule walikuwa wakiwakusanya watu wa kabila lake. Walianza na walimu, makarani na wanafunzi, kisha yeyote yule. Wanapakiwa kwenye malori, hawarudi. Kaka zake wote walishachukuliwa. Rosalia na mtoto walikuwa hai bado, wamejificha. Narudia, wasikilizaji: Rosalia na mtoto walikuwa hai bado.

"Kaka zako wamezikwa wapi?" Bi Eufrazia aliuliza.

Gaspar akasema hawakuzikwa. Bi Eufrazia akamuuliza nani amewakalia matanga. Gaspar akasema hakuna, kwa sababu huko anayelia naye huchukuliwa.

Hilo la mwisho ndilo lililomshinda Bi Eufrazia. Mtu afe, na kulia akatazwe? Alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake, Bi Mwanaheri, akaazima mkeka. Bi Mwanaheri, Mzaramo wa papo hapo Mtoni, aliniambia hivi: "Nikamuuliza, we Mmakonde, nani kakufia? Akaniambia, ndugu zangu. Nikamuuliza wangapi. Akaanza kulia. Basi nikabeba na mkeka wa pili."

Wasikilizaji wapendwa, mnajua desturi yetu. Hakuna anayepita msibani kama anayepita sokoni. Kufikia adhuhuri baraza lilikuwa limejaa. Wanawake wa kanisani walileta kuni, wa madrasa walileta unga. Kila aliyefika aliuliza nani kafa, na kila aliyeuliza alijibiwa na Gaspar mwenyewe. Kisha kila mmoja alikwenda kwao na maneno yale kifuani. Habari ikafika Keko, ikafika Msasani, ikapanda hadi Pugu.

Siku ya kuanua tanga ilipofika, Bi Eufrazia akakataa kata kata. "Tanga huanuliwa watu wakishazikwa," alisema. "Hawa bado wanauawa."

Hapo ndipo alipokuja Mzee Marijani, balozi wa nyumba kumi. Mzee wa watu alikuwa na hofu. Alisema mambo ya nchi nyingine yana wenyewe, na mkusanyiko huu utamletea maswali. Bi Eufrazia akampa shikamoo yake. Kisha akamkumbusha kwamba ni yeye aliyewasomesha ahadi za TANU palepale tawini. Ya kwanza inasemaje?

Mzee akajibu, kama mtoto aliyesimamishwa darasani: "Binadamu wote ni ndugu zangu, na Afrika ni moja."

"Basi kaa mkekani, baba. Umefiwa."

Mzee Marijani alivua viatu, akakaa. Kesho yake alikuwa mbele ya akina mama. Walibeba mikeka, wakaenda kuketi nje ya ofisi ya chama. Walitaka serikali ipaze sauti, mpaka uachwe wazi kwa wanaokimbia, na mizigo ya watawala wale isipitie bandari yetu. Walijibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Mnalijua jibu hilo, nami nalijua, na hata leo linanichoma.

Huko bandarini, genge la Kornelio lilipangiwa kupakia mabehewa ya Kigoma, mzigo wa Burundi. Makuli wakaweka mikono nyuma. Nyapara akauliza kulikoni. Kornelio akasema, "Sie tuna msiba." Makreti yakakaa gatini, yakanyeshewa, na Mtoni nzima ikapata matumaini. Nasema ukweli, watu walianza kucheka tena. Hata cherehani ya Gaspar ilisikika.

Lakini matumaini ya mnyonge hayalali ndani. Lililetwa genge jingine, mzigo ukapanda treni. Kornelio akasimamishwa kazi. Mauaji hayakusimama, na habari za Rosalia zikakatika.

Gaspar hakuvumilia zaidi. Alifunga cherehani yake kwa shuka, akaiacha kwa Bi Eufrazia, akapanda treni ya Kigoma kuwatafuta mkewe na mtoto. Bi Eufrazia alimshika shati hadi likachanika kwapani. Alimsihi asubiri, watu wanasema, watu wamesikia, bado kidogo. Gaspar akamjibu, "Mama, bado kidogo ya hapa siyo bado kidogo ya kule. Usianue tanga mpaka nirudi."

Hakurudi. Rosalia hakuja. Mtoto hakuja. Chumba kile cheupe hakikupangishwa tena, hata Bi Eufrazia na mumewe walipolala na njaa.

Mkeka ulipochakaa, Bi Mwanaheri alileta mwingine. Marselino, mwana wa Bi Eufrazia, anasema mama yake alipougua alirudia neno moja: "Niliwakalia waliokufa, nikawachelewea waliokuwa hai." Walimwambia alifanya alichoweza. Hakukubali. Mie pia, wasikilizaji, sina la kumfariji nalo. Nilipita pale mara nyingi nikielekea kazini, nikaona mkeka, nikasema pole, nikaendelea na safari.

Jumanne tulianua tanga lake. Marselino aliviringisha mkeka wa msiba wa mama yake, akainama kuchukua na ule wa barazani. Bi Mwanaheri, na magoti yake ya uzee, akauketia.

"Wa mama yako chukua," alisema. "Huu una wenyewe, na hawajazikwa."

Kwa mzee Kornelio, kwa Marselino na wajukuu, poleni sana. Kwa Bi Mwanaheri, aliyebaki mkekani peke yake, pole. Na kwako Gaspar, kama kuna redio huko uliko, cherehani yako ipo, shuka hufuliwa.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, lifikirini hili mkizima redio. Ukipita Mtoni ukaukuta mkeka ule, usitoe pole tu ukapita kama nilivyopita. Vua viatu, ukae. Uliza nani kafa. Ukishajibiwa, usiinuke. Uliza na lile ambalo sisi tulichelewa kuuliza: nani bado yu hai?