Mzee Bodi na Nusu ya Gari la Baba

"Nasema liondoe!"

"Liende wapi, jirani? Halina injini."

"Basi lisukume!"

"Nikilisukuma nitakuwa nimekubali kwamba lilikuwa mahali pabaya. Nami sijakubali."

"Wewe mzee una nini lakini? Duka langu halioni jua tangu asubuhi! Nashona suruali nyeusi kwa uzi mweusi gizani. Jana mteja kaja juu, mifuko yote miwili nimeishona ikafunga!"

"Angeshukuru. Mkewe hatampekua tena."

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Ugomvi huo nimewaigia mimi, lakini chumvi sikuongeza. Ulikuwa ugomvi wa kila wiki. Anayefoka ni fundi cherehani, mama mwenye duka la kushonea. Anayejibu kwa ule upole wa kuudhi ni fundi wa kuchomelea vyuma, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Mtaa mzima ulimwita Mzee Bodi.

Leo tunamkumbuka yeye. Mzee Bodi, mtengeneza mageti na madirisha, ametutoka baada ya kuugua kifua kwa muda mfupi. Tumeshamzika. Nami nilikuwepo, maana penye watu wengi mguu wangu haukosi.

Kwa nini aliitwa Bodi? Sogezeni redio karibu.

Baba yake alikuwa dereva wa wapima ardhi. Aliendesha gari la porini, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne. Gari la mabati yenye pembe, viti vigumu kama benchi la kituo cha polisi, na kioo cha mbele unachoweza kukilaza kikalala juu ya boneti. Wapima walipoletewa magari mapya, mzee akaomba auziwe lile kuukuu. Akalileta nyumbani. Akaliendesha mpaka macho yalipokataa. Na alikuwa na kawaida moja: kuendesha huku kiwiko kimelala juu ya mlango. Miaka kwa miaka, kiwiko pale pale. Rangi ikaisha, bati likang'aa kama kijiko.

Alipoona siku zake zimekaribia, akawaita wanawe wawili. Akasema: "Gari ni lenu wote. Msiliuze. Msiligombanie."

Hapo kwenye kutoliuza walimtii.

Sasa wajueni wana wenyewe. Mkubwa ni huyu wetu, mtu wa cheche na moto. Akiona chuma, anajiuliza kinaweza kuongezwa nini. Mdogo ni fundi saa. Ana kile kioo kidogo cha kubana jichoni, na mkono mwepesi kama wa mtoto anayedaka vijiwe vya kodo. Akiona kitu, anajiuliza kilikuwaje siku kilipotoka kiwandani. Wape watu hao gari moja la zamani, halafu wewe kaa mbali.

Mwanzoni walielewana. Kila Jumamosi mmoja yuko chini ya gari, mwingine juu yake, redio katikati. Mjane wa marehemu anakumbuka vizuri. Aliniambia: "Walikuwa wananuka mafuta ya taa wote wawili. Ningefumba macho nisingejua yupi mume wangu na yupi shemeji."

Halafu mdogo akasafiri kwenda kumuuguza mama mkwe. Kurudi, akashika kiuno.

Gari lilikuwa limepanda juu. Springi ndefu mpya. Madigadi yamekatwa kwa msumeno wa umeme ili tairi nene zipate kuzunguka. Mbele kuna bampa zito la chuma, na juu ya bampa kuna winchi, ile mashine ya kuzungusha waya wa kuvutia magari yaliyokwama. Ubavuni, bomba la kupumulia limepanda mpaka usawa wa paa, ili gari livuke mto bila injini kunywa maji. Mdogo alivimeza vyote hivyo, kwa taabu. Kilichomkaba ni kingine. Kaka alikuwa amepiga rangi. Gari zima, na ule mlango.

"Umefuta mkono wa baba," mdogo akasema.

"Nimezuia kutu," kaka akajibu.

Wasikilizaji, maneno ni hayo tu, lakini yalitosha kuchana undugu kama shati. Mdogo akaapa mbele ya majirani, tena kwa sauti: "Sikanyagi nyumba hii mpaka gari la baba lirudi kama alivyoliacha!"

Kesho yake akaja na mnyororo wa kunyanyulia na wabebaji mizigo. Hakuingia ndani. Gari lilikuwa nje, barabarani, basi akabaki hapo hapo nje. Akafungua injini nati moja moja, akainyanyua, akaipakia kwenye mkokoteni. Kaka alisimama mlangoni na kikombe cha chai. Hakumzuia. Alisema tu: "Chukua. Hiyo ndiyo nusu yako. Bodi ni nusu yangu."

Mtaa ukapata majina mapya siku hiyo hiyo. Kaka akawa Bodi. Mdogo akawa Injini.

Narudia ili tusipotezane. Kaka alibaki na gari lisilo na injini. Mdogo alibaki na injini isiyo na gari. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na usafiri. Wote walikwenda kazini kwa miguu, na wakipishana njiani kila mmoja anaona kitu cha maana sana upande wa pili wa barabara.

Injini aliweka nusu yake sebuleni, juu ya kigoda cha mbao alichokipiga randa mwenyewe. Kila Jumapili aliizungusha kwa mkono isigande, akaitia oili, akaisugua. Mkewe alichoka, mwisho akaitandikia kitambaa. Nilipomtembelea aliniambia huku anacheka: "Wageni nawaambia ni meza. Nimeiwekea na maua. Lakini meza gani inayodondosha oili kwenye zulia?"

Na Bodi je? Bodi aliendelea kulivalisha gari lake. Alichomelea keria juu ya paa, na ngazi ya kupandia. Akaweka tanki la maji, meza ya kukunja, taa kali mbele na nyuma. Akafunga turubai ubavuni, ukilikunjua unapata kivuli cha watu wazima kumi na fitina zao. Watu walimtania: "Mzee, safari lini?" Anajibu: "Najiandaa."

Gari halikwenda popote, basi mtaa ukalijia. Vikao vya majirani vilikaliwa humo. Wachumba walinuniana humo. Fundi cherehani mwenyewe, huyo huyo wa kulilia jua, mvua ikinyesha alihamishia wateja wake chini ya turubai na kuwapima viuno hapo. Ukimuuliza, anakwambia: "Nalipwa fidia."

Lakini sikieni kali kuliko zote. Mvua zikianza, barabara ile ilikuwa uji. Magari yalikwama mbele ya karakana ya Mzee Bodi kama nzi kwenye asali. Winchi yake ilikuwa nzima, ikitumia betri alizozifunga nyuma ya kiti. Basi anatia magogo chini ya tairi zake, anavuta waya, anawasha. Gari lisilotembea likawa linayavuta yanayotembea! Muuza duka wa pale kona alivutwa na gari lake jipya linalong'aa, ameketi ndani na tai yake, watu wamejaa wanashangilia. Alipotaka kutoa shukrani, Mzee Bodi akamwambia: "Shukrani yako ni kutosema tena kwamba gari langu ni chuma chakavu." Muuza duka alikaa kimya mpaka kiangazi. Kiangazi akaanza tena.

Hivyo ndivyo alivyoishi. Nyumba yake haikufungwa. Ukipita umelalamika, ukirudi umeshiba.

Ila palikuwa na kiti kimoja kisichokaliwa, na kila mtu alijua ni cha nani.

Ndugu hao wawili hawakusemezana, lakini wake zao hawakukubali upuuzi. Walikutana sokoni kila wiki. Salamu za waume zilipita hapo, katikati ya nyanya na vitunguu. Mzee Bodi alipoanza kuumwa, ujumbe ukatoka: "Mwambieni alete injini. Niisikie tu ikinguruma." Majibu yakarudi: "Arudishe madigadi kwanza." Ujumbe ukatoka tena: "Madigadi niliyakata, nitayarudishaje? Alete injini." Kifua kikazidi kubana. Hatimaye Injini akalainika. Akamwambia mkewe: "Peleka habari. Jumapili naenda."

Kaka akafariki Ijumaa.

Wasikilizaji wapendwa, siku ya mazishi kulikuwa na swali moja midomoni mwa watu wote, na mimi nikiwemo. Je, Injini ataingia nyumba ya kaka yake? Aliapa kutoingia. Na akitaka kuingia, mjane atampokea? Makaburini tulimwona. Alisimama upande wa pili, peke yake, kofia mkononi. Tulipogeuka kurudi nyumbani kula, akatufuata nyuma nyuma kama mtu anayepita njia. Alipofika barabarani, mbele ya nyumba, akasimama ng'ambo. Pale pale. Hakuvuka. Mkewe alikuwa tayari jikoni, anapakua.

Wakati huo muuza duka alikuwa amejipa ukubwa wa kupanga viti. Nafasi ya viti haikutosha. Akasema gari lisukumwe.

Fundi cherehani akatoka mbio. "Nani asukume? Litaguswa mnipite kwanza mimi!"

"Mama, si wewe uliyekuwa ukililia jua?"

"Nilikuwa nagombana na mwenyewe! Wewe ni nani?"

Watu wakacheka, na kucheka siku ile kulituuma na kututuliza kwa pamoja. Lakini wanaume walikuwa wameshashika mabati. Wakasukuma. Gari likagoma. Mmoja akaingia ndani, akaukamata usukani kwa nguvu, akaanza kuunyonga kushoto na kulia kama anayemkaba mwizi. Kitu kikalia *kwaa*.

"Acheni!" Sauti ilitoka ng'ambo. "Mtavunja usukani, wauaji nyie! Boksi lake limekauka, linataka grisi!"

Kufumba na kufumbua, Injini alikuwa ameshavuka barabara. Nadhani hata yeye hakujua amevuka. Aliwasogeza watu, akapapasa chini ya boneti mahali anapopajua, akaifungua, akainyanyua.

Akainama kutazama. Tukasogea.

Wasikilizaji, huyu Mzee Bodi hakuacha sehemu ya gari lile bila kuikata, kuitoboa au kuichomelea kitu. Tulidhani chini ya boneti tutakuta kabati la spana, au tanki lingine. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na nafasi ya injini, tupu, safi kama sahani iliyooshwa. Rangi ilikuwa ile ile ya zamani, ya kiwandani. Vikalio vya injini vilikuwa mahali pake, havikuguswa. Zile bolti alizozifungua Injini siku ile ya ugomvi zilikuwa zimerudishwa kila moja kwenye tundu lake, zimepakwa grisi mpya, zisishike kutu.

Na pembeni, nyaya zilikuwa zimefungwa kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Mpira umekauka na kupasuka pasuka. Mtu wa vyuma kama Mzee Bodi angeweza kuukata na kuweka kibanio kizuri. Hakuukata. Injini akaushika kwa vidole viwili, vile vidole vya saa.

"Fundo la baba," akasema.

"La mkono wake wa kushoto," ikajibu sauti nyuma yetu. Alikuwa mjane, ameshika upawa. "Watu walimletea injini nyingine, shemeji. Kubwa, nzuri, ya bure. Akakataa. Akasema hapo pana mwenyewe. Kila mwezi anafungua, anapaka grisi, anafunga. Nikimuuliza, ananiambia hapo pabaki kama alivyopaacha baba."

Mabega ya Injini ndiyo yaliyojibu. Fundi cherehani akatoa kitambaa shingoni, akampa, halafu akageuka kuwafokea wenye macho, warudi kwenye viti vyao, kwani wamekuja kutazama sinema?

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote tulio hapa studio, natoa pole kwa mjane, kwa watoto, kwa mdogo wa marehemu na mkewe, na kwa mtaa ule wote uliozoea kukaa kivulini mwa Mzee Bodi. Pole sana. Mwenyezi Mungu ampumzishe. Nawe unayenisikiliza ukiwa jikoni, dukani au kitandani: kama una ndugu mnayetumiana naye salamu sokoni, kupitia nyanya na vitunguu, tafakari. Nyumbani kwake huenda pana mahali pamepakwa grisi kwa ajili yako, nawe hujui. Nenda ukatazame. Usiseme Jumapili.

Mimi nilikaa pale mpaka mwisho, mnanijua. Injini alishusha boneti polepole, akaibana kwa kiganja isipige kelele. Akabaki amesimama baina ya gari na mlango wa nyumba, anatazama viatu vyake. Watu walijifanya wanakula.

"Mimi niliapa, shemeji," akasema. "Halafu nikachelewa. Sina uso wa kuingia."

"Uliapa wewe. Mimi sikuapa kitu."

"Mikono yangu ina grisi."

"Kwani nyumba hii lini nilimlisha mtu asiye na grisi? Maji yale pale, sabuni ile pale." Mjane akasogea pembeni, akauacha mlango wazi. "Ingia ule, shemeji. Chakula kinapoa."