Kiti cha Bu Wartini

Basi dogo la kwenda Bekasi, mji ulio kando ya Jakarta, lilikuwa limekwama kwenye foleni. Mwanamume mwenye sare ya ulinzi akamgeukia mama asiyemjua aliyeketi kando yake, mbele ya kiti changu.

"Jirani yangu, mama mmoja tunayemwita Bu Wartini, anaweka kiti barabarani kila siku, eti nafasi ya gari la mumewe. Mume alifariki, gari likauzwa! Mimi gari langu, likiwa halijaharibika kama leo, naliegesha mbali, matopeni."

"Si ukiondoe, baba?"

"Nilikiondoa jana. Akakirudisha, akakikalia juani kutwa."

"Ukafanyaje?"

"Nikampelekea mwavuli."

Nilijifanya nimesinzia nisije nikacheka.

"Kesho nakiondoa tena," alisema, kwa sauti ya mtu asiyejiamini.

Basi likafika kituoni, mama akainuka kwa uchovu. "Haya. Ukienda, mpelekee na chai."