Ncha Ilikuwa ya Marcelina

Kijiwe chetu kiko Kamunyonge, mjini Musoma, pembeni ya duka la mbao, kwenye nguzo ya umeme iliyoinama kidogo kuelekea ziwani. Benchi ni ubao wa mtumbwi uliovunjika. Lina urefu wa mita mbili na sentimita arobaini. Nimelipima, na kwa sababu ya mambo kama hayo wenzangu huniita Sentimita, ingawa jina langu ni Rafaeli na nimestaafu kazi ya kupima ardhi miaka sita sasa. Mwenye kahawa ni Abdulkadiri, tunamwita Babu Birika. Upande wa kulia hukaa Mugeta, mvuvi wa kisiwa cha Rukuba aliyeuleta ubao huo na anayedai kiti cha kudumu. Yeye ni Kamongo, kwa kuwa kama samaki huyo anaweza kukaa nje ya maji muda mrefu bila kufa na bila kufanya kazi. Upande wa kushoto hukaa Luqmani, fundi cherehani, ambaye amekuwa Wakili tangu siku alipoitwa mahakamani kutoa ushahidi wa dakika kumi. Alhamisi hiyo, saa kumi alasiri, nilifika nikiwa na karatasi mfukoni na jambo ambalo sikukusudia kulisema.

Kamongo hakusubiri nikae.

– Sentimita! Tumesikia ulienda Butiama kuonyeshwa miwa.

– Nilienda Jumamosi. Susana, binti yangu, ndiye aliyenichukulia nafasi kwenye ziara ya shamba. Alitaka nitoke ndani ya nyumba siku moja.

– Kuonyeshwa miwa! Mtu mzima, mzaliwa wa Mara! Kwani ulidhani inaotaga juu ya bati?

– Tulitembezwa shambani, halafu tukaonjeshwa.

– Kuonjeshwa! Kamongo alipiga goti lake. Basi na mimi kesho naanza. Karibuni Rukuba mwone maji. Ukitaka kuyaonja, bei inapanda.

– Msicheke, alisema Wakili. Hapo kuna kitu. Hakuna mtu anakuonyesha muwa hivihivi tu. Wamekusainisha?

– Kitabu cha wageni.

– Haya! Kikulacho ki nguoni mwako.

– Hiyo methali unaisemaga kwa kila kitu kwa vile unashona nguo, alisema Babu Birika, akinimiminia kahawa. Mwache mzee aeleze. Mlionjeshwaje?

Nikaeleza kama ilivyokuwa. Aliyetuongoza alikuwa kijana anaitwa Jofrey, amevaa buti za mpira, anatembea kinyumenyume huku akizungumza nasi. Alituonyesha jinsi muwa unavyokatwa chini kabisa, karibu na udongo. Kisha akaumenya mmoja mrefu, akaukata vipande, akavipanga kwenye sinia kwa mpangilio wake, kuanzia ncha hadi shina. Akasema tuonje kuanzia nchani, kwa sababu mtu akianza na shina, ncha ataitema. Tulikuwa wageni kumi na mmoja. Kumi waliitema hata hivyo.

– Sasa hilo ndilo la kwenda kujifunza Butiama? aliuliza Kamongo. Hata mbuzi anajua sukari inakaaga shinani.

– Mimi sikujua.

Walicheka wote watatu. Wakili alilazimika kuweka kikombe chini.

– Chuo kikuu miaka mitatu! alisema. Hujui muwa!

– Sikuwahi kula ncha. Kwetu, miaka thelathini na moja, ncha ilikuwa ya Marcelina.

Marcelina ni mke wangu. Jumapili hii anatimiza mwaka mmoja tangu afariki. Kutakuwa na misa, na kabla ya baraka ya mwisho nimepangiwa kusema maneno machache. Nimeyaandika, maana sijiamini bila karatasi. Niliitoa mfukoni, nikawasomea sentensi ya tatu: "Alipenda ncha ya muwa."

– Ni nzuri, alisema Babu Birika. Fupi. Shemeji angeifurahia.

– Sijui kama ni kweli.

– Si wewe umeiandika?

– Niliiandika kabla ya Jumamosi. Jofrey alituambia ncha wao hawaiuzi. Nyingine wanaifanya mbegu, nyingine wanawapa ng'ombe.

Kamongo alikunywa kahawa yake yote kwa mkupuo, akasogea karibu.

– Sikiliza. Hiyo ni meno tu. Shina gumu, ncha laini. Mama yangu alikuwaga hivyohivyo.

– Marcelina alikuwa akifungua soda kwa meno.

– Basi si meno.

– Ni sukari, alisema Babu Birika, akipunguza sauti. Ugonjwa. Wanawake wanafichaga. Unakuta anajua, hataki kukutia wasiwasi, anachagua kile kisicho na utamu.

– Chai yake aliweka vijiko vitatu. Vilivyojaa.

– Vitatu?

– Vilivyojaa.

– Basi alipenda utamu, alisema Babu Birika, kisha akaonekana kujuta kwamba amelisema.

Hilo ndilo lililonifanya nisilale vizuri tangu Jumamosi, lakini sikuwaambia. Nilikunja karatasi, nikaikunjua.

– Yeye mwenyewe alikuwa anasemaje? aliuliza Wakili. Tunataka maneno yake. Maneno halisi.

– Alikuwa anasema, "Hii ndiyo yangu."

– Mbele ya mashahidi?

– Mbele ya watoto. Jumapili baada ya kanisa, kwenye ngazi ya mlango wa nyuma.

– Watoto wanasemaje?

– Nilimpigia Susana. Amesema yeye mwenyewe alikuwa anakula kipande cha katikati.

– Shahidi ameharibika, alisema Wakili. Lakini kesi ipo. "Hii ndiyo yangu" si sawa na "hii ndiyo naipenda." Hiyo ni lugha ya umiliki. Shemeji alikuwa anajiwekea akiba ya haki. Siku mkigombana anasema: thelathini na moja kuzidisha kwa Jumapili, ncha zote hizo, nilipe! Haba na haba hujaza kibaba.

– Hatukuwahi kugombana namna hiyo.

– Kwa sababu alikuwa bado anakusanya!

– Wewe Luqmani, alisema Babu Birika, mwogope Mungu. Mtu amefariki.

– Nimemtetea!

– Umemfanya mdai.

Kamongo alikuwa ametulia muda wote huo, anaangalia ziwa. Kwa kawaida akitulia hivyo kuna jambo kubwa linakuja, na kwa kawaida si la kweli.

– Wote mmekosea, alisema. Mnaongea kama watu wasiojua mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, dagaa wanakuja kwenye taa?

– Hawaji, tulijibu.

– Kwa nini? Kwa sababu mwezi unavutaga vitu juu. Maji unavuta, samaki unavuta. Sukari ya muwa ni kitu gani? Si maji? Basi mwezi ukikomaa sukari inapanda nchani. Shina linabaki kuni tupu. Shemeji alizaliwa wapi?

– Kijijini. Kule rasini, kwa wavuvi.

– Umeona! Mtoto wa wavuvi. Alijua. Wewe unatafuna kuni, yeye anakula asali, anasema "hii ndiyo yangu," wewe na digrii yako unashukuru!

Nakiri kwamba kwa muda wa kama dakika moja niliitaka nadharia hiyo iwe kweli. Ningeweza kusimama kanisani nikasema nimeibiwa utamu miaka thelathini na moja, watu wakacheka, na yeye akacheka popote alipo.

– Kwa hiyo sasa shemeji ni mwizi? aliuliza Babu Birika. Dakika tano zilizopita alikuwa mdai. Kabla ya hapo mgonjwa.

– Si mwizi, mjanja. Samaki mmoja akioza...

– Wewe mvuvi mzima unatumia hiyo? Akioza mmoja unafanyaje?

– Namtupa.

– Na wengine?

– Nauza.

– Basi nyamaza.

– Ngoja, alisema Wakili. Jumapili ni mara moja kwa wiki. Mwezi unakomaa mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine zile tatu alikuwa anakula nini?

Kamongo alihesabu kwa vidole, akaacha, akaomba kahawa.

Hapo ndipo toroli la Bhoke lilipofika. Hatukuwa tunamjua kwa jina, alitutajia baadaye. Ni mwanamke wa miaka kama arobaini, kitenge kimefungwa juu ya sweta, miwa imelala kwenye toroli, mingine na ganda, mingine imeshamenywa na kufunikwa nailoni. Panga lake lilikuwa jembamba kwa kunolewa.

– Habari za hapa, wazee wangu. Muwa?

– Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, alisema Wakili.

– Na wewe uliyekaa hapo kutwa nzima, umeshapata mnunuzi?

Kamongo nusura aanguke kutoka kwenye ubao wake mwenyewe. Babu Birika alimpa mgeni kahawa na kashata kwa heshima ya jibu hilo.

– Dada, mtaalamu ni wewe, alisema Kamongo. Tuamulie kesi. Mwezi ukiwa mpevu, sukari ya muwa inakaaga wapi?

– Shinani.

– Na mwezi ukiwa mchanga?

– Shinani. Baba, mwezi na muwa wapi na wapi?

Babu Birika alimweleza kesi yote kwa ufupi na kwa adabu: kwamba huyu mzee amefiwa, kwamba mkewe alikuwa anakula ncha, kwamba Jumapili atasema kanisani kuwa aliipenda, na kwamba sasa hajui kama aliipenda au alikuwa akimwachia mwenzake shina. Bhoke alisikiliza huku anatafuna kashata. Alinitazama.

– Pole sana, baba.

– Ahsante.

– Nani alikuwa anakata?

– Kukata nini? aliuliza Wakili.

– Muwa. Panga lilikuwa mkononi mwa nani?

Wakili aligeuka kumtazama Kamongo. Kamongo alimtazama Babu Birika. Kisha wote wakanitazama mimi.

– Sikumbuki, nilisema. Kwa mtu anayeitwa Sentimita, hilo si jibu.

– Mimi nakata miwa kila siku, alisema Bhoke. Mnunuzi anachagua, lakini anachagua katika vile nilivyomwekea. Ndiyo maana nimeuliza.

– Sikumbuki, nilisema tena.

– Si lazima ukumbuke. Shika.

Alichomoa muwa mmoja uliomenywa, mzima, akanipa pamoja na panga. Nilisimama. Sikuwa nimeshika muwa mzima tangu Marcelina aanze kuugua. Nilitaka kuwaza kwanza, lakini mikono haikungoja. Iliugeuza muwa, shina likaja upande wangu, ikaulaza kwenye ukingo wa benchi. Nilikata baada ya fundo la kwanza la shina. Kipande hakikuanguka, mkono wa kushoto ulikuwa tayari pale, unajua kitakapoangukia. Nilipogundua ninafanya nini nilikuwa nimeshakiuma.

Kilikuwa kitamu sana. Nilikitafuna, kwa kuwa sikuweza kukitema mbele yao.

– Alaa, alisema Kamongo, kwa sauti ya chini.

Wakili alifungua kinywa, akakumbuka kikombe chake, akanywa. Kikombe kilikuwa kitupu lakini alikunywa hivyohivyo.

– Haimaanishi kwamba hakuipenda, alisema Babu Birika.

– Haimaanishi.

– Mtu anaweza kupewa kitu na akakipenda.

– Anaweza.

– Ulishawahi kumuuliza?

Lori la mchanga lilipita, na vumbi likatufanya tufunike vikombe kwa viganja.

Niliketi. Niliiweka karatasi juu ya goti, nikaazima kalamu ya Wakili, ile anayoandikia vipimo vya suruali. Nilipiga mstari juu ya sentensi ya tatu. Kisha nikaandika nyingine tatu juu yake, na kwa kuwa walikuwa wananingoja, nikazisoma: "Jumapili tulikula muwa kwenye ngazi ya nyuma. Mimi ndiye niliyekuwa nakata, nikianzia shinani. Ncha alichukua yeye."

– Hiyo haisemi kama aliipenda, alisema Wakili.

– Haisemi.

– Haisemi pia kama hakuipenda.

– Haisemi.

– Sasa watu kanisani wataelewa nini?

– Ndivyo ilivyokuwa. Wataelewa hivyo.

– Mimi sijaelewa, alisema Kamongo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa anatania.

– Na mimi pia, nilimjibu.

Babu Birika aliinamisha birika juu ya kikombe changu. Yalitoka matone mawili na mashapo ya kahawa. Akalizima jiko, akaanza kukusanya vikombe kimoja kimoja, akivihesabu kwa kugusa bila kuvitazama.

Bhoke alichukua panga lake, akalifuta kwenye kitenge. Muwa niliokuwa nimeanza kuukata aliumalizia yeye, haraka, kwa mkono wa kazi: kipande kwa Kamongo, kipande kwa Wakili, kipande kwa Babu Birika, ambaye alikifunga kwenye leso ampelekee mkewe. Ncha ilibaki peke yake juu ya benchi, fupi, yenye ukijani hafifu, kati yangu na nafasi iliyo wazi.

Alishika mikono ya toroli, tayari kwenda zake, akatuangalia mmoja baada ya mwingine.

– Na hii ni ya nani?