Mwalimu Mbona, Mkemia Asiyejua Kutulia

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenipa kazi ya kuwaeleza maisha ya dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Mbona, kwa kuwa neno hilo halikumkauka mdomoni.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, mtoto wa kwanza wa mwoka mikate na mshona nguo, na tangu utotoni hakutulia, akimfuata baba tanurini kuuliza mbona unga unaumuka, naye baba akimjibu, "Ni hamira, mama, hebu shika sinia," jibu ambalo halikumtosha hata kidogo.

Alimaliza sekondari mwaka 1975, kisha akasomea kemia chuo kikuu, elimu ya vitu vyote, kama alivyopenda kusema, vimeundwa na nini na vinageukaje vikikutana. Alianza na kemia ya kaboni, ile ya mafuta, sukari na plastiki, akahamia ya chumvi na metali, akachungulia biokemia, inayofuatilia yanayotendeka ndani ya viumbe hai, hadi mhadhiri wake akamwambia, "Binti, chagua tawi moja utulie."

Akachagua uchanganuzi, yaani kujua ndani ya kitu mna nini na kwa kiasi gani, na mwaka 1982 akaajiriwa maabara ya kiwanda cha rangi. Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na fundi mitambo wa hapohapo, wakajaliwa binti mmoja. Ndoa ikiwa bado mbichi, aligundua madini ya risasi, ambayo ni sumu, katika rangi ya vitanda vya watoto, akakataa kuipitisha, meneja akambembeleza, kisha akamtisha. Siku hizo alizunguka sebuleni na mtoto mgongoni, chai ikipoa mezani, shemeji akimwambia, "Wakikufukuza wewe, na mimi sina changu," naye akajibu, "Najua, mume wangu, lakini mtoto wa mtu atakitafuna kile kitanda."

Walifukuzwa wote wawili. Rangi iliendelea kuuzwa, naye akazunguka duka hadi duka akiwaonya wauzaji, waliomwona amerukwa na akili, mpaka wakaguzi walipoipima na kuiondoa sokoni.

Kuanzia 1988 hadi 2017 alifundisha sekondari, akitembea baina ya madawati, kiti chake akikiwekea vitabu.

Mwaka 2021 figo zilianza kushindwa, akalazimika kukaa kwenye mashine ya kusafisha damu, yeye asiyejua kukaa, na hapo aliwaeleza wagonjwa wenzake kemia ya kifizikia, jinsi chumvi inavyopenya utando ikifuata upande wenye chumvi kidogo, huku muuguzi akimsihi, "Mama, basi mkono usitikisike." Alifariki tarehe 22 Februari mwaka huu, akiwa ameshikwa mkono na mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliopika na kukesha nasi, walimu wenzake, na shemeji, ambaye kwa miaka yote hiyo hatujamsikia akiilaumu siku ile ya kiwandani.

Dada, pumziko lako liwe jema. Sisi uliotuacha bado hatujatulia.