Josephine Kadzo Baya, Aliyevusha Vijana wa Kifafa

Wazee wetu, watumishi wa kanisa, ndugu zetu Waislamu mlioacha ng'ombe malishoni mkaja, majirani, na ninyi vijana mlioketi pale mbele, familia ya Mzee Baya Nyale imekaa na kuandika maisha ya marehemu kama alivyoyaishi, bila kuyapaka rangi, maana yeye mwenyewe rangi hakuitaka.

Marehemu Josephine Kadzo Baya alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 kijijini Idsowe, mtoto wa tatu wa Mzee Baya na Mama Sidi Iha, wakulima waliotoka kusini wakaja kulima kwenye delta hii ya Tana, na alipofika miaka sita akaanguka shambani akitetemeka, povu likimtoka, wakubwa wakasema ni nyuni, yule ndege wa angani akamataye watoto, akafukizwa, akafungwa hirizi, akaanguka tena na tena, mpaka mwaka 1991 alipofikishwa kliniki ya watoto, akapewa vidonge, na kuanguka kukakoma.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1989, akawa moto wa kuotea mbali kwa hesabu, lakini Mei 1996, akiwa na miaka kumi na tano, kliniki ile ilimwambia ameshakuwa mkubwa, aende upande wa watu wazima, ikabaki na faili, na hakuna aliyemwonyesha mlango wala kumwandikia barua, naye baba mzazi, kwa kosa alilolikiri mwenyewe mbele ya wanawe kabla hajafa, akasema nyuni hukamata watoto, na huyu si mtoto tena, basi nyuni ameruka, vidonge vikatupwa mtoni. Ndege hakuruka, iliyoruka ni dawa. Tarehe 9 Oktoba mwaka huohuo Kadzo aliangukia mafiga akisonga sima, mkono wa kushoto ukaungua, vidole viwili vikagandana hivyo hivyo mpaka leo tunapomzika, na shule ikaishia hapo.

Mwaka 1998 alikwenda Garsen peke yake, akauliza mlango kwa mlango dawa ya kifafa ya watu wazima iko wapi, akaipata, na tangu siku hiyo hakuruka kidonge hata kimoja.

Tarehe 20 Desemba 2003 aliolewa na Bwana Gona Kenga, baada ya familia mbili kuja na kuondoka ziliposikia habari za kifafa, naye Gona alipokuja, Kadzo hakungoja watu wamnong'oneze, alisimama mbele ya wazee wa pande zote mbili akasema, mimi nina kifafa, dawa nakunywa, asiyetaka njia ni ile, Gona akajibu kwamba njia ameiona akija, haina haja ya kuonyeshwa mara ya pili. Walijaliwa watoto wawili, Winfred mwaka 2005 na Nyale mwaka 2009, wala hawana kifafa, na hata wangekuwa nacho, wangekuwa watoto wake.

Kuanzia 2006 aliuza mahamri na maharagwe kwenye lango la hospitali, na pale langoni ndipo alipoona vijana wakiambiwa wamekuwa wakubwa, wakitoka upande wa watoto, wakigeuka kurudi nyumbani kama yeye alivyogeuka, ndipo mwaka 2012 akaanza kazi aliyoiita kuvusha, yaani kuwafikisha vijana wa kifafa kliniki ya watu wazima na faili na barua zao, akisema mto huu wa Tana hakuna mtu anayemwambia mtoto wake vuka halafu akaondoa mtumbwi. Karani mmoja, wa kituo tusichokitaja, alimwambia muuza mahamri haruhusiwi kuingia, Kadzo akakubali kuwa ndiyo anauza mahamri, akaketi kizingitini na beseni lake mpaka faili la kijana likapatikana na barua ikaandikwa.

Kila kijana alimpa daftari, na safari ya tatu ya kliniki ilikuwa lazima ataje mwenyewe jina la dawa, kipimo chake, na siku aliyoanguka mara ya mwisho, mzazi akijibu kazi inaanza upya, na Mama Bishara, aliyepo hapa, mwaka 2019 alimjibia binti yake Darmi kila swali, hata binti alipoulizwa lini anatarajia kuolewa na kama dawa hiyo itamfaa akibeba mimba, mpaka Kadzo akamtia hamri mkononi, akamwambia, dada, tafuna kwanza. Darmi alijibu yote hamri halijaisha. Alivusha vijana sitini na watatu.

Februari 2024 marehemu aligundulika ana saratani ya titi, akatibiwa Malindi na Mombasa, na Jumatano tarehe 12 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akafariki nyumbani kwake, akiwa na miaka arobaini na minne.

Tulishauriwa tuandike kwamba aliugua kwa muda mfupi. Hatuandiki hivyo, kwa sababu tangu Jumatano hiyo kuna maneno yanatembea kwamba nyuni wamerudi kumchukua mtu wao, na nyumba mbili tayari zimewaachisha vijana wao dawa, hatuwataji, mmoja amekaa karibu na sufuria za pilau, anajijua. Kadzo ameuawa na saratani. Kifafa aliishi nacho miaka thelathini na minane, akalima, akaolewa, akazaa, akagombana na makarani, nacho hakikumweza. Wapo wanaopona kifafa, ni kweli, lakini anayesema umepona ni daktari, si kuota ndevu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu, majirani wa Idsowe waliomchotea maji na kumbeba, wahudumu wa afya aliofanya nao kazi ya kuvusha, na wauza chakula wa langoni waliomlindia nafasi yake hata alipokuwa hawezi tena kuketi.

Nafasi hiyo haijaachwa wazi. Jumanne tarehe 25 ni siku ya kliniki, wapo vijana kumi na tisa ambao hawajavuka, na Darmi ameomba beseni, amepewa, atakuwa pale langoni tangu saa moja asubuhi, vijana njooni na daftari zenu, na wazazi njooni na midomo yenu, mahamri yatakuwepo.

Dada, wewe umevuka. Pumzika kwa amani.